Kubeba pikipiki kwa pikapu: vile utaipakia, utaifunga na itafika ikiwa nzima

Hii naandikia mtu yeyote ako na pikipiki yataka kubebwa, iwe ni Boxer imekwama injini huko Bamburi yaenda kwa fundi Changamwe, ama ni TVS mpya umenunua mjini waipeleka nyumbani Wundanyi na hutaki kuiendesha katikati ya matrela njia yote hiyo. Pikapu za kukodi ziko kibao, hiyo si shida. Shida ni vile watu wanafunga. Simama pale Kongowea asubuhi utaziona zikipita, moja imelazwa ubavu juu ya magunia, ingine imesimama kwa stendi na kijana amekaa juu yake ameshika hendeli na miguu anajizuia huku na huku, na dereva naye anakata kona vile amezoea kila siku.

Shika kitu kimoja tu na mengine yote yatafuata: pikipiki na pikapu ziwe kitu kimoja. Pikapu ikiruka bampu pikipiki iruke nayo, ikilala kwa kona ilale nayo, isiwe na nafasi yake peke yake ya kucheza. Hiyo haiji kwa stendi wala kwa mikono ya mtu, yaja kwa mikanda minne inayovuta chini na nje, na shoki za mbele zikiwa zimebonyea kiasi.

Kulaza pikipiki ubavu naelewa mbona watu hufanya, haihitaji kamba nyingi na dereva anaiona imetulia. Lakini petroli hutoka, kwa kifuniko cha tangi na kwa kabureta, inachuruzika mpaka kwa bodi ya pikapu, na jua la Mombasa la saa saba mchana walijua, mtu mmoja avute sigara karibu hapo ni balaa. Betri ikiwa ni ile ya maji, asidi inamwagika inakula rangi na chuma. Oili ya injini nayo inapanda mpaka filta ya hewa, ukifika ukiwasha inatoa moshi ama inakataa kabisa na unaanza kulaumu aliyekuuzia. Alafu kishikio cha klachi, kioo na indiketa za upande ule ndo zinabeba uzito kila shimo linapopigwa. Kwa hivo kulaza iwe ni mambo ya dharura tu, mwendo mfupi na petroli imetolewa.

Stendi ya pembeni nayo imetengenezwa kwa pikipiki iliyotulia chini, sio inayorushwa. Pikapu ikipiga bampu, shoki zinabonyea pikipiki inashuka, hiyo sekunde moja kamba zote zimelegea, na gari likisukuma mbele kidogo tu stendi inajikunja na pikipiki inaenda. Stendi ya katikati hata ni mbaya zaidi manake uzito wote umekaa kwa vyuma viwili vyembamba na tairi la nyuma liko hewani. Watu wanaona hiyo ndo imesimama vizuri kwa sababu gari bado halijaondoka.

Kuhusu yule kijana anayeshikilia, hapa naomba tusikilizane. Boxer ama TVS ya kazi ni kama kilo 120 hivi. Pikapu ikifunga breki kwa nguvu kwa lami kavu, hiyo pikipiki inasukuma mbele kwa nguvu ya karibu kilo 80 hadi 100, kwa ghafla, hakuna mtu atashika hiyo. Kitakachotokea ni ataenda nayo, ama itambana kwa ukuta wa bodi, ama wote wawili waruke nje. Na akikaa hapo watu wa mbele wanalegea kufunga, "si fulani ataishika". Hapana. Kama imefungwa vizuri haihitaji mtu, na kama yahitaji mtu basi haijafungwa, rudi ufunge. Kijana akae mbele na dereva, ama apande matatu mkutane huko.

Na kuna wale wa kufunga kamba nyuma ya pikapu waivute pikipiki na mtu ameipanda. Hiyo hata sitaieleza vile inafanywa. Pikapu ikisimama ghafla wa nyuma hana pa kwenda, na kamba ikilegea ikaingia kwa tairi la mbele anaruka juu ya hendeli. Hata kama ni Tudor hadi Makupa tu, usifanye.

Sasa pikapu yenyewe. Kama una nafasi ya kuchagua chukua single cab, bodi yake ni ndefu, mita mbili na kitu, na pikipiki zetu hizi ni karibu mita mbili kwa hivo inaingia yote na mlango wa nyuma unafungika. Double cab bodi yake ni kama mita moja na nusu tu, hapo utalazimika kuiweka mshazari, tairi la mbele kwa kona moja na la nyuma kwa kona ya mkabala, ama uache mlango wa nyuma wazi. Ukiuacha wazi angalia tairi la nyuma limekanyaga wapi. Likikaa pale kwa mlango wenyewe, ule mlango unashikwa na waya mbili ama minyororo miwili tu pembeni, haukutengenezwa kudundwa na pikipiki safari nzima, na za zamani hizo waya zishaliwa na kutu. Afadhali mshazari.

Muulize mwenye pikapu jana alibeba nini. Si udaku, pikapu iliyobeba samaki ama nyanya za Kongowea ina maji na utelezi kwa bodi, na zile zenye plastiki ya ndani zinateleza hata zikiwa kavu. Futa kwanza, alafu tandika zulia kuukuu ama ule mkeka wa mpira, tairi lipate pa kung'ang'ania. Na kabla hujakubaliana bei angalia pa kufungia. Ndoano na vyuma vya bodi hapa pwani huliwa na chumvi kutoka ndani, unaona rangi iko sawa kumbe chini ni unga. Shika kila moja uivute kwa nguvu zako zote na usikilize, welding ikilia mlio wa kukatika tafuta nyingine. Wataka pointi nne imara, mbili mbele kwa kona na mbili nyuma. Kama pikapu ina fremu ya vyuma juu usijifunge kwa zile paipu za juu kabisa, mkanda utavuta kwa pembeni badala ya kuvuta chini, chini ndo tunakotaka.

Vifaa sasa, na hapa usibane pesa. Nunua mikanda ya racheti minne, ile yenye kichuma cha kukazia, ni kitu unanunua mara moja unakaa nayo miaka. Soma lebo iliyoshonwa kwa mkanda, kuna uzito wa kukatikia na kuna uzito wa kufanyia kazi, wauzaji wengi watakutajia ule mkubwa, lakini wa kufuata ni ule wa kazi ambao mara nyingi ni theluthi tu ya ule mwingine. Mimi nasema kila mkanda mmoja peke yake uweze kubeba zaidi ya uzito wa pikipiki nzima, hapo hata mmoja ukikatika uko sawa mpaka usimame. Lebo ikiwa haina chochote, rudisha dukani.

Kama huna racheti, kamba itafanya, ila ujue kamba gani. Kamba ya nailoni inanyooka, hasa ikilowa, umefunga imekaza hapa Nyali ukifika Mtwapa imelegea. Zile za plastiki za rangi rangi zikikaa juani muda mrefu zinavunjika nyuzi nyuzi, ukiikunja ikatoa vumbi jeupe hiyo itupe. Mipira ya tyubu ambayo bodaboda hufungia mizigo ni mizuri kuzuia kitu kisigonge gonge, lakini isiwe ndo inashika pikipiki, mpira kazi yake ni kunyooka na hapa hatutaki kitu chochote kinyooke.

Ukitumia kamba jifunze kufunga vile wapakiaji wa malori hufunga. Funga mwisho mmoja kwa pikipiki, alafu katikati ya kamba tengeneza kitanzi, kile cha kuzungusha kamba mara moja na kupenyeza mkunjo ndani, kisha mwisho wa kamba upitishe kwa ndoano ya chini uurudishe juu uupenyeze kwa kile kitanzi, sasa vuta chini. Utashangaa vile yakaza, nguvu yako inaongezeka manake kamba inapita kama kwa pulii. Ukishakaza bana pale kwa kitanzi kwa vidole usiache irudi, zungusha mafundo mawili, imekwisha. Mwambie mzee yeyote wa kupakia mizigo akuonyeshe, ni dakika tano tu na utafaidika nayo maisha yako yote.

Mengine ni madogo: mbao ya kupandishia, vitanzi vinne vya mkanda laini ama vipande vya kamba nene vya kuzungushia vyuma ili ndoano isikwaruze, leso kuukuu ya kuweka kati ya mkanda na tangi, vipande viwili vya mbao vya kukinga tairi, na kitambaa chekundu kama kuna kitu kitatokeza nyuma.

Kupakia ndo watu huumia, zaidi ya barabarani, kwa hivo usikimbize. Bodi ya pikapu iko juu kama sentimita 80. Ukitumia mbao ya mita moja na nusu hiyo ni mwinuko wa kama digrii 32, mkali sana, pikipiki inakurudia. Mbao ya mita 2.4 inakupa kama digrii 19 na nusu, hapo watu wawili wanaipandisha bila kelele. Na kuna ujanja wa bure, tafuta mahali ardhi imeinuka urudishe pikapu pale nyuma, kama ukingo wa barabara ama duka lenye sakafu ya juu la kushushia mizigo, ama tairi za nyuma za pikapu ziingie kwa mtaro mdogo usio na maji. Ukipata hata sentimita 30 hapo mbao yako inakuwa karibu kulala. Wale wa kuinua kwa mikono watu wanne "moja, mbili, tatu" huwa yafanyika, ila mmoja akiteleza mguu wengine watatu wanabaki na kilo 120 hewani, na pa kushika pengi ni pa moto, bomba la moshi liko pale pale kwa magoti.

Mbao iwe nene inchi mbili na upana usipungue inchi nane, isiwe na fundo kubwa katikati, na lazma, lazma, uifunge kwa pikapu. Hii ndo watu husahau. Tairi la nyuma likianza kupanda linaisukuma mbao nyuma, na kama haijafungwa inachomoka chini, pikipiki inaanguka na tumbo kwa ukingo wa bodi, na wewe uko katikati. Pitisha kamba kwa mbao na kwa ndoano ya pikapu, kaza. Weka na mbao ya pili pembeni ya kukanyaga wewe mwenyewe, kwa sababu pikipiki ikishapanda nusu wewe bado uko chini na mikono yako haifiki tena, hapo ndo inakulemea. Hata kreti ya soda iliyo imara itakusaidia.

Pikapu iwe imezimwa, iko kwa gia, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Simama kushoto kwa pikipiki, upande wa stendi, mkono wa kulia ukiwa karibu na breki ya mbele. Msaidizi asukume kutoka nyuma ila asisimame nyuma moja kwa moja, akae upande wa kulia ashike keria, ikirudi impite. Kama injini yafanya kazi, washa, weka gia ya kwanza, na uipandishe polepole kwa klachi ukitembea nayo pembeni, usiipande. Najua kuna vijana huipanda wakaingia nayo mbio mpaka ndani na watu wanapiga makofi, ila bodi ina ukuta mbele na kioo cha kebini kiko hapo. Tembea nayo. Ikikushinda katikati bana breki ya mbele, mwambie msaidizi ashikilie, pumueni, mwendelee. Kumbuka mkirudi nyuma breki ya mbele peke yake haishiki vizuri manake uzito umeenda tairi la nyuma, kwa hivo zima injini, iache kwa gia na uachilie klachi, injini yenyewe itaizuia.

Ikishaingia, kama ni moja iweke katikati, tairi la mbele liguse ukuta wa mbele ama kona kabisa. Weka mbao ama tairi kuukuu hapo katikati isipige kebini. Ukibeba mbili moja iangalie mbele na ingine iangalie nyuma, hendeli hazitagongana.

Haya, kufunga. Weka stendi ya pembeni kwa muda tu mtu mmoja akiwa ameishika wima, gia iwe nyutro kwanza ili tairi lijikalie lenyewe. Funga koki ya petroli saa hiyo hiyo usije ukasahau, ukiiacha wazi mtikiso unaweza kufurisha kabureta na petroli ikashuka mpaka kwa oili.

Anza na mbele. Usifunge kwa ncha za hendeli pale pa kushikia, hendeli zinazunguka na zinapinda na utabana waya za klachi na breki. Angalia chini ya taa, kuna chuma kinachounganisha shoki mbili za mbele, juu kidogo ya madigadi, zungusha kitanzi chako laini hapo, kulia na kushoto, hakikisha hakijabana waya wala paipu ya breki. Sasa kila mkanda uende mbele na nje kwa kona yake, chini, ukitazama kutoka mbele mikanda miwili iwe imepanuka kama miguu ya hema. Mkanda ukiwa umesimama wima sana hauzuii pikipiki kulala pembeni, na ukiwa umelala sana hauvuti chini, kati kati hapo, kama digrii 45.

Hapa ndo kuna utamu wa kazi yenyewe. Kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, rudi kushoto, huku msaidizi akilala kwa hendeli kwa uzito wake kubonyeza shoki. Angalia ile paipu inayong'aa ya shoki, inazama taratibu. Ikiwa imezama kama nusu ya urefu wake wa kucheza, simama. Usikaze mpaka mwisho kabisa, shoki zikibanwa mpaka chini safari nzima zile sili za mpira ndani zinasukumwa na oili, na ukifika utaona shoki zimelowa mafuta. Na ukiacha bila kubonyeza, bampu la kwanza litafanya kazi ya kubonyeza, mikanda ilegee na ndoano ichomoke. Nusu. Shika hendeli uitikise, pikapu nzima ikitikisika pamoja na pikipiki hapo umefunga, pikipiki ikitikisika peke yake bado.

Pandisha stendi sasa. Ndio, ipandishe, pikipiki itasimama kwa mikanda miwili tu ya mbele, na ikisimama wima bila kuegemea upande ndo ujue mbele uko sawa. Ikiegemea legeza upande mmoja kaza mwingine.

Nyuma hakuna kazi kubwa. Kazi ya mikanda ya nyuma ni kuzuia tako la pikipiki lisirukeruke na kuhama pembeni. Funga kwa chuma kinachoshika gurudumu la nyuma ama kwa fremu pale pa kukanyaga abiria, sio kwa keria kama keria imefungwa kwa nati mbili za kutu. Peleka mikanda nyuma na nje, chini, kaza iwe imara lakini usikaze sana kuliko ya mbele, utaivuta pikipiki nyuma ulegeze kazi yote uliyofanya. Usipitishe mkanda karibu na bomba la moshi likiwa bado la moto, mkanda unayeyuka hivi hivi ukiangalia. Tandika leso popote mkanda unagusa rangi, manake mkanda ukiwa na mchanga hukwaruza mpaka chuma.

Maliza kwa kuingiza gia ya kwanza, weka mbao mbele na nyuma ya tairi la nyuma, zile ncha za mikanda zilizobaki zifunge zisipepee. Na kila mkanda uusokote mara moja kabla ya kukaza, ukiwa bapa kabisa upepo unaupigisha unalia safari nzima na huo mtetemo ndo unaulegeza. Toa vioo viwili vya pembeni, ni spana moja tu. Funguo toa, weka mfukoni mwako na si mfukoni mwa dereva.

Barabarani, simama baada ya kilomita chache tu uangalie, hiyo ndo muhimu kuliko zote manake mikanda hujikalia mwanzoni. Ukitoka kisiwani kwenda Nairobi simama Miritini ama Mazeras kabla hujaingia ule mstari wa matrela wa kufunga breki kila saa. Ukienda Malindi angalia ukishavuka daraja la Nyali, tena Mtwapa, bampu za njia hiyo hazihesabiki. Wa Wundanyi kaza Mwatate kabla ya kuanza kupanda, zile kona za mlimani zinaivuta pikipiki kulia kushoto kulia, na mwambie dereva ashuke gia sio kuning'inia kwa breki. Mwendo usipite 80, na kwa bampu mwambie aipite taratibu na gari limenyooka, sio tairi moja moja kwa mshazari manake hiyo inaitikisa pikipiki kwa upande ambao mikanda ina nguvu kidogo.

Kusini kuna mambo ya feri. Mteremko wa Likoni hubadilika na maji, yakiwa yamejaa waingia karibu sawasawa, yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, waingia umeinamisha pua na kutoka ng'ambo wapanda mlima. Pikapu yenye mlango wa nyuma wazi inaweza kukwaruza chini pale kwa kona ya mteremko, na wakati wa kupanda uzito wote wa pikipiki wataka kurudi nyuma, mikanda ya mbele ndo inaushika. Kwa hivo kaza ukiwa kwa foleni kabla hujaitwa, sio ndani. Ukishaegeshwa ndani zima gari, weka gia, vuta hendibreki, na jiwe kwa tairi kama unalo. Sote twakumbuka gari lililoteleza kutoka MV Harambee Septemba 2019 na mama na mtoto wake wakaenda nalo, hakuna mtu wa Likoni anayechukulia breki ya ndani ya feri kwa mzaha tena. Kama foleni ni ndefu ama maji yamekupwa sana mimi napendelea kuzunguka Dongo Kundu, ingia Miritini utokee upande wa Kwale, ni mbali kidogo ila ni lami nzuri, ila msimu wa kusi ukifika daraja la Mteza punguza mwendo, upepo pale juu unapiga ubavuni na pikipiki iliyosimama wima inaupokea wote.

Makaratasi yabebe. Pikipiki zinaibwa sana, na pikapu yenye pikipiki nyuma usiku ikipita kizuizi cha polisi lazma isimamishwe, na haki yao. Uwe na kopi ya logbook, kitambulisho, na kama umenunua juzi mkataba wa kuuziana wenye saini za wote wawili ama risiti ya duka. Mwenye pikipiki akiwa hayuko kwa safari aandike barua fupi na namba yake ya simu, polisi ampigie. Safiri mchana ukiweza. Na bei elewaneni kabla, je inajumlisha kupakia na kushusha, na nani alipe feri, hizo ndo huleta ugomvi mkifika.

Kushusha ni kinyume cha kupakia ila usianze kufungua ovyo. Funga mbao kwanza, stendi chini, mtu ashike hendeli, ndo ufungue mikanda ya nyuma, alafu ya mbele mmoja mmoja polepole, manake shoki ulizobonyeza zinarudi juu kwa nguvu na racheti ukiiachilia ghafla inakupiga vidole. Iteremshe kinyumenyume ikiwa imeangalia mbele vile ilivyo, tairi la nyuma likitangulia, injini imezimwa na iko kwa gia, wewe wabana klachi kidogo kidogo kuiruhusu ishuke na wamwachia injini kazi ya kuzuia. Msaidizi akae pembeni, sio chini ya mbao.

Ikishakanyaga chini fungua koki, angalia kama kuna petroli imelowesha chini ya kabureta, angalia shoki kama kuna mafuta, rudisha vioo, na usiiwashe mpaka uchomoe stiki ya oili unuse, ikinuka petroli badilisha oili kwanza. Mikanda nayo ikiwa ilipita feri ama barabara ya karibu na bahari isuuze kwa maji ya bomba, ianike kivulini, na racheti uzitie tone la oili, zisipotiwa chumvi inazikamata na safari ijayo hazitafunguka.